Jinsi ya kukagua nyufa kwenye maungio ya bawa la ndege ya abiria: kuanzia agizo hadi sahihi

Mwongozo huu nawaandikia mafundi wenzangu wenye leseni changa, wanaoitwa hangani, yaani kwenye banda la matengenezo ya ndege, kwa mara ya kwanza kufanya ukaguzi wa lazima wa nyufa. Hauchukui nafasi ya waraka wa mtengenezaji. Waraka ndio unaotawala kila kipimo, na ukipingana na mimi, fuata waraka. Ninachotaka kukupa ni kile kilichonichukua miaka kukiona: ukaguzi mwingi huharibika kabla tochi haijawashwa. Huharibika kwenye hesabu, kisha kwenye usafi.

Nitatumia mfano wa Boeing 737 NG, kwa sababu wengi wetu tunaigusa. Kenya Airways na RwandAir zinarusha 737-800. Pale bawa linapoungana na mwili wa ndege kuna kipande kinachosaidia kubeba mzigo kati ya viwili hivyo. Mafundi hukiita uma, kutokana na umbo lake. Mwaka 2019 nyufa zilionekana hapo kwenye ndege zilizokuwa zimefunguliwa kwa marekebisho makubwa. Kipande hicho kilitarajiwa kudumu mizunguko 90,000, yaani kupaa na kutua mara 90,000. Nyufa zilikuja kabla ya nusu yake.

Hatua ya 1: Soma agizo lenyewe, usisomewe

Agizo la lazima la mamlaka, ambalo hangani tunaliita AD, lina mambo matatu ya kutafuta kwanza: linahusu ndege zipi, limeanza kutumika lini, na muda uliotolewa unahesabiwa kwa kipimo gani. Kwa uma wa 737 NG, mamlaka ya Marekani, FAA, ilitoa AD iliyoanza kutumika tarehe 3 Oktoba 2019. Ndege yenye mizunguko 30,000 au zaidi ilipewa siku 7. Iliyo kati ya 22,600 na 29,999 ilipewa mizunguko 1,000. Baada ya hapo ukaguzi ulitakiwa kurudiwa kila mizunguko isiyozidi 3,500.

Angalia jinsi kipimo kinavyobadilika humo ndani: kundi moja linahesabu siku, jingine linahesabu mizunguko. Mwaka 2012, mamlaka ya Ulaya, EASA, ilipoagiza ukaguzi wa vishikizo vya mbavu ndani ya mabawa ya Airbus A380, ndege zenye mizunguko 1,800 na kuendelea zilipewa siku 4 au safari 14, lolote litakalotangulia. Maneno "litakalotangulia" na "litakalochelewa" yapigie mstari kwa kalamu nyekundu. Nimeona mtu mzima, mwenye uzoefu kunizidi, akiyasoma kinyume saa tisa usiku.

Usiseme pia kwamba AD imetoka Marekani na ndege imesajiliwa kwetu, kwa hiyo haituhusu. Kwa mujibu wa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, taarifa za usalama kutoka nchi iliyobuni ndege huifikia nchi ya usajili, nayo inatakiwa kuzipokea au kuchukua hatua inayofaa. Muulize mtu wa ubora hangani kwako namna mamlaka yenu inavyolishughulikia.

Hatua ya 2: Hesabu mizunguko mwenyewe

Chukua kitabu cha kumbukumbu za ndege. Tafuta mizunguko, si saa. Chuma huchoka kwa kupakiwa na kupakuliwa mzigo: bawa linajikunja juu ndege ikipaa, linashuka ikitua, kesho tena. Ndege inayopiga Nairobi–Mombasa kutwa nzima inakula mizunguko haraka sana, huku saa zake zikionekana chache ukiilinganisha na ndege kubwa ya safari ya London. Anayepanga kazi kwa saa peke yake atadhani ndege hiyo bado changa.

Mfano: ndege ilikuwa na mizunguko 28,400 siku AD ilipoanza kutumika, na inaruka mara 6 kwa siku. Mizunguko 1,000 inaisha ndani ya siku 166. Kama ndege ilinunuliwa ikiwa imetumika, fuatilia kumbukumbu hadi siku ilipotoka kiwandani. Ukikuta pengo, simama hapo hapo na uliandike. Pengo halijazwi kwa makadirio.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa na watu

Waraka wa mtengenezaji, toleo lililotajwa kwenye AD na si lililobaki kwenye kabati. Tochi yenye mwanga mkali, kioo chenye mkono, kioo cha kukuzia mara 10, na boroskopu (kifaa chembamba cha kuchungulia) kwa pembe ambazo kichwa hakiingii. Kifaa cha mikondo ya edi, kinachotafuta ufa kwa mkondo mdogo wa umeme, kama kinahitajika, kiwe na stika ya kalibresheni (uhakiki wa usahihi wake) ambayo haijapita muda, na kishikwe na mwenye cheti halali cha njia hiyo. Macho yake pia yawe yamepimwa ndani ya muda.

Kama kazi inakupeleka ndani ya tangi, mafuta yatolewe, hewa ipimwe, na mtu akae mlangoni muda wote. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 4: Safisha hadi ubishi uishe

Hapa ndipo ninapowaomba mtulie. Uma wa bawa umekaa mahali penye vumbi, grisi na silanti (utomvu wa kuziba maungio) ya miaka. Ufa wa uchovu huanza mwembamba kuliko unywele, mara nyingi kwenye ukingo wa tundu la boliti, na grisi ikishaujaza unakuwa rangi moja na chuma.

Ondoa silanti kwa kikwaruzo cha plastiki. Usitumie bisibisi, na usipige msasa: alumini ni laini, msasa huivuta na kuufunika mdomo wa ufa. Futa kwa kiyeyusho kilichotajwa kwenye waraka, kwa kitambaa cheupe, hadi kitambaa kitoke cheupe. Kisha subiri pakauke.

Usiku mmoja, katika hanga la nje ya nchi, kwenye ndege ya aina nyingine, niliona mstari wa kijivu kando ya kichwa cha boliti, mfupi kama kucha ya mtoto. Mwenzangu akasema ni mkwaruzo. Nikafuta tena. Mkwaruzo ukifutwa hung'aa mle ndani, na kioo cha kukuzia huonyesha chini yake. Huu haukuwa na chini. Nilipousogezea tochi kutoka ubavuni, upande mmoja wa mstari ulitupa kivuli na mwingine haukutupa. Tuliita mtu wa mikondo ya edi, na alama kwenye skrini ikapanda wima.

Hatua ya 5: Tazama kwa mwanga wa ubavuni

Ukimulika moja kwa moja, chuma kinakurudishia mng'ao na huoni kitu. Laza tochi karibu na uso wa chuma, izungushe taratibu, na pitia boliti moja moja kwa mpangilio uleule: kutoka juu kwenda chini, kushoto kisha kulia. Weka alama ya kalamu iliyoruhusiwa kando ya kila boliti uliyomaliza. Mtu akikuita katikati, rudi mwanzo wa safu.

Tazama ukiamini ufa upo. Anayetazama ili ndege iondoke huona chuma kizima.

Hatua ya 6: Mikondo ya edi, kama imeagizwa

Kifaa hiki hupitisha mkondo mdogo ndani ya chuma, na ufa hukatiza njia yake. Kirekebishe kwenye kipande cha mfano cha aloi inayolingana, chenye mkato wa ukubwa unaojulikana. Ukinyanyua probu, yaani ncha ya kupimia, kidogo, alama iende mlalo. Ukipita juu ya mkato, ipande wima. Jihadhari na ukingo wa kipande na boliti za chuma cha pua, maana navyo hupandisha alama. Ukimaliza, rudi kwenye kipande cha mfano. Kama mkato hausomeki tena kama mwanzo, yote uliyopima tangu kalibresheni ya mwisho yarudiwe. Usitafute njia ya mkato kwa kupima kwa chembe za sumaku: alumini haishiki sumaku.

Hatua ya 7: Ukiukuta ufa

Ndege haiondoki. Piga picha ukiwa umeweka rula, andika boliti namba ngapi, urefu, na unaelekea wapi. Usitoboe tundu la kuuzuia kwa uamuzi wako. Taarifa iende kwa mtengenezaji, urekebishaji uje kwa maandishi yaliyoidhinishwa. Kagua na upande wa pili wa ndege, kwa mtu mwingine mwenye macho mapya.

Utaambiwa kuna kipande cha akiba kitakachobeba mzigo. Tarehe 14 Mei 1977, ndege ya mizigo aina ya 707 ya Dan-Air ilikuwa inakaribia kutua Lusaka, Zambia, bawa dogo la mkia upande wa kulia likang'oka kwa uchovu wa chuma. Watu wote 6 walifariki. Muundo ule nao ulibuniwa uwe na njia ya akiba ya mzigo, lakini ukaguzi uliokuwepo haukutosha kuuona ufa mapema.

Usiku ule wangu, msimamizi alikuja akasema kuna abiria saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpa kioo cha kukuzia na tochi, nikamwonyesha pa kutazama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kupiga simu. Abiria wale waliondoka na ndege nyingine, jioni.

Hatua ya 8: Andika na utie sahihi

Andika namba ya AD, toleo la waraka, njia ya ukaguzi, namba za vifaa, mizunguko ya ndege siku hiyo, na matokeo, hata kama hukukuta kitu. Kisha andika ukaguzi ujao kwa mizunguko. Kama ndege ile ya mfano ilikaguliwa ikiwa na 29,100, marudio ni kabla ya 32,600. Iandike namba hiyo kwenye kumbukumbu na kwa mpangaji wa matengenezo, umsikie akiisoma, ndipo utie sahihi.