Jinsi ya kupika kuku mtamu bila kummwagia mafuta

Mama mdogo wangu alirudi kliniki na habari ya presha na uzito, akaambiwa apunguze mafuta na chumvi, basi kuanzia siku hiyo kuku kwake akawa wa kuchemsha tu, maji na chumvi kidogo, amemaliza. Wiki ya pili akanipigia: "Mwanangu, hii nyama naimeza kama dawa, siiwezi tena." Nikaenda kwake Tabata Jumamosi asubuhi nikalala huko, mpaka Jumapili jioni tulikuwa tumepika kuku mara tano. Haya ninayoandika ndo yaliyobaki baada ya zile mara tano, na anayapika mpaka leo.

Kabla ya hatua zenyewe naomba hili likae kichwani. Watu wengi wanaamini utamu wa kuku ni mafuta, mimi nasema hapana. Utamu wa kuku ni chumvi iliyoingia ndani mapema, ni ile rangi ya kahawia inayotokea nyama ikishikwa na moto mkali, na ni uchachu kidogo mwishoni. Mafuta kazi yake ni kubeba harufu ya viungo, na kwa kazi hiyo kijiko kimoja cha chai kinatosha sufuria nzima. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya nazi, ya zeituni, yote ni yaleyale. Sasa ukimimina kwa macho kutoka kwenye dumu vijiko vinne vinapita hujaona, hapo una kalori 480, wakati gramu 100 za kidari kilichoiva bila ngozi ni kalori 165 tu. Yani mafuta hayo peke yake ni karibu sawa na gramu 300 za kidari hicho.

Hatua ya 1: Kuku

Chukua kuku wa kisasa, kidari au paja. Kidari kina mafuta kidogo zaidi, paja halikauki haraka. Kama hujawahi kupika hivi anza na paja, utapata moyo. Kienyeji nitamgusa mwishoni, yule ana mambo yake.

Hatua ya 2: Ngozi

Ngozi ndo yenye mafuta mengi, ila si lazima uitoe kabla ya kupika. Kama unachoma, acha ngozi iilinde nyama isikauke, halafu itoe mezani kabla ya kula, mafuta yanayoingia kwenye nyama ni machache sana. Kama unapika kwenye kikaango au unafanya mchuzi itoe mwanzoni, manake kule mafuta yake yanabaki humohumo.

Na kuku usimwoshe kwa maji yanayoruka sinki nzima. Najua tumekuzwa hivyo, lakini yale maji yanasambaza vimelea kwenye vyombo na kwenye kachumbari yako, na hao vimelea wanauawa na moto, siyo na maji ya bomba. Mtoe manyoya yaliyobaki, mfute kwa karatasi ya jikoni, nawa mikono kwa sabuni, inatosha.

Hatua ya 3: Chumvi, na kwa nini ndimu isubiri

Hapa ndo tulipoteza Jumamosi nzima kwa hiyo nitakaa sana, nivumilie.

Nilipofika mama mdogo alikuwa ameshaloweka vidari tangu usiku kwenye maji ya ndimu sita, kwa nia njema kabisa, kila mtu anasema ndimu inalainisha. Kufungua bakuli nyama ni nyeupe pee kama imeshaiva. Tukaipika, ikawa inasagika mdomoni kama chaki, na humo ndani kavu. Sababu ni kwamba ule ukali wa ndimu unaipika nyama kwa juu bila moto, unaikaza, na ukishaikaza inatema maji yake. Nusu saa haina shida, usiku mzima ni kuiharibu.

Mara ya pili tukaacha ndimu, tukaweka chumvi nyama ikiwa kikaangoni. Juu ina chumvi, ndani haina kitu, ndo ile nyama ambayo unajikuta unachovya kwenye chumvi mezani, na kwa mtu wa presha huko ndo kubaya zaidi kwa sababu ile ya kuchovya hakuna anayeipima.

Mara ya tatu tukaipaka chumvi dakika 20 kabla. Nilikuwa na uhakika itakubali, lakini ilivyogusa kikaango maji yakajaa, nyama ikachemka badala ya kukaangika, rangi ya kijivu. Nilikaa nikafikiria kwa nini. Chumvi ikigusa nyama kitu cha kwanza inavuta maji nje, utaona kabisa yamesimama juu kama jasho. Ukipika wakati huo umepika nyama iliyolowa. Lakini ukiiacha, yale maji yanayeyusha chumvi halafu yanarudi ndani nayo, na chumvi ikishafika ndani inailegeza ile protini kiasi kwamba nyama ikikutana na moto inashikilia maji yake. Kwa hiyo ni ama uweke chumvi saa moja na zaidi kabla, au uiweke muda huohuo unapoingiza kwenye moto. Hapo katikati pasikie tu.

Mara ya nne, chumvi ilikaa saa nne kwenye friji, na hiyo ndo mara ya kwanza mama mdogo aliomba kipande cha pili.

Kipimo sasa, na tafadhali pima, usitumie vidole. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa juu siyo mlima, kwa kilo moja ya nyama isiyo na mifupa. Hiyo ni kama gramu 6. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa hiyo kilo ikiliwa na watu sita kila mmoja amepata kama gramu 1, inahesabika. Kama daktari amekupa kiwango cha chini zaidi ya hapo fuata cha daktari, weka nusu kijiko, muda wa friji ndo uache mrefu. Na ukishaweka hii usiongeze nyingine, wala vile viungo vya paketi vya mchuzi, vingi ni chumvi iliyotiwa rangi. Mimi jikoni kwangu nilishaviondoa.

Kuna wanaopenda kumloweka kuku kwenye maji ya chumvi. Inalainisha kweli, ila nyama inanyonya maji mengi, ladha inapungua, na huwezi kujua umekula chumvi kiasi gani. Mimi siipendi, na kwa mgonjwa wa presha siishauri kabisa.

Hatua ya 4: Mtindi na viungo

Mara ya tano tulichanganya chumvi ileile na mtindi, vijiko vinne vikubwa kwa kilo. Mtindi nao una uchachu ila ni mpole, unalainisha taratibu bila kuikaza nyama, na kalori zake ni kama 60 tu kwa gramu 100. Twanga kitunguu saumu punje nne na tangawizi kidole kimoja, kwenye kinu, siyo ya unga ya kopo. Chukua bizari nyembamba, mbegu za giligilani na pilipili manga, zikaange kwenye kikaango kikavu kabisa, moto mdogo, dakika mbili, ukisikia harufu toa hapohapo kwa sababu zinaungua ghafla na zikiungua ni chungu, halafu saga. Hii ya kukaanga viungo vikavu inakupa harufu ambayo watu huitafuta kwa mafuta. Changanya vyote na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, paka, weka kwenye bakuli lenye mfuniko, friji, saa mbili mpaka usiku mzima.

Hatua ya 5: Kausha

Futa mtindi wote uliozidi, kisha kausha nyama kwa karatasi ya jikoni pande zote. Usiruke hii. Nyama yenye maji juu haipandi zaidi ya nyuzi 100 mpaka yale maji yaishe, na ile rangi ya kahawia yenye utamu inahitaji kama nyuzi 140 kupanda.

Hatua ya 6: Moto

Kidari kina upande mnene na upande mwembamba, ukikipika hivyohivyo mwembamba umeshakuwa ubao wakati mnene bado ni mbichi. Kipasue katikati kwa ubapa kifunguke kama kitabu, au kiweke chini ya karatasi ukigonge kwa mchi mpaka unene uwe sentimita moja na nusu hivi kila mahali.

Kikaango kiwe kizito. Vile vyepesi vinapoa ukiweka nyama tu, na kama una cha chuma nakuomba ukitumie hicho. Kipashe moto dakika tatu, pakaa mafuta kijiko cha chai kwa brashi au kwa kipande cha kitunguu kilichochomekwa kwenye uma, weka nyama isibanane, halafu USIIGUSE. Dakika nne au tano, geuza, tatu au nne nyingine. Nyama ikiwa imeng'ang'ania chini haijawa tayari kugeuzwa, isubiri, itaachia yenyewe.

Kipimajoto cha jikoni ni kitu ambacho ningemwambia kila mtu anunue kabla hata ya blenda. Kichome sehemu nene, ikisoma nyuzi 74 toa, imeiva na ni salama. Kidari kikienda mpaka 85 ndo unapata ile nyama ya kutafuna kama kamba, na wengi wetu tunafika huko kwa sababu ya woga wa nyama mbichi. Kama huna kipimajoto kata kipande kinene kabisa, ndani kusiwe na pinki hata kidogo na nyama iwe nyeupe mpaka katikati.

Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yavae majivu meupe, yasogeze upande mmoja, anza nyama upande wenye moto ipate rangi kisha ihamishie upande usio na makaa, funika na sufuria umalizie hapo. Mkaa una utamu ambao gesi haitakupa, na hauna kalori.

Ukitoa, acha itulie dakika tano kabla ya kukata.

Hatua ya 7: Uchachu wa mwisho

Sasa ndo wakati wa ndimu, kamulia nyama ikiwa ya moto mezani. Mimi hapa nina mbili ninazozipenda kuliko zote. Ya kwanza ni ukwaju: loweka kwenye maji ya moto, kamua, chuja, chemsha na saumu na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka mpaka uwe mzito, bila sukari. Sukari ikiingia umerudisha kalori ulizozikimbia, ukiona ni mkali sana saga nyanya moja iliyochomwa uchanganye. Ya pili ni embe bichi lililokwaruzwa na kitunguu, majani ya giligilani na pilipili, hilo mama mdogo analila hata bila kuku.

Ukitaka mchuzi

Kitunguu si lazima kikaangwe kwa mafuta. Weka sufuria moto mdogo, kitunguu kilichokatwa vyembamba, funika, kikianza kushika chini weka kijiko kimoja cha maji, kwangua, funika tena, rudia hivyo kama dakika 15 mpaka kiwe kahawia. Inataka usimame hapohapo, lakini utamu wake utakushangaza. Kisha nyanya, kisha kuku wa paja asiye na ngozi.

Kama ni wa nazi, tui zito liache, tumia tui la pili lile jepesi nusu kikombe, liweke mwishoni pamoja na mtindi vijiko viwili, moto uwe mdogo sana kwa sababu mtindi ukichemka kwa nguvu unakatika.

Na kienyeji niliyemwahidi: mchemshe taratibu mpaka alainike, kama ni jogoo mzee kwanza mpake papai bichi lililokwaruzwa, kijiko kimoja kikubwa, saa moja isizidi, ukimwacha usiku kucha nyama ya juu inakuwa uji. Supu yake iache ipoe, ingiza friji usiku, asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu kama sahani, yanyanyue yote kwa kijiko utupe. Chini yanabaki maji yenye ladha yote ya kuku, hayo ndo pikia wali au choroko, wiki ijayo hutakumbuka kwamba kuna mafuta yalipungua.

Kiporo cha kidari kinakaa friji siku tatu. Usikipashe moto, kinakauka. Kikate vyembamba kikiwa cha baridi, changanya na kachumbari na lile embe, ndo anachobeba mama mdogo kazini Jumatatu.