Gofu ya jangwani: somo kwa wanaofunga safari ya Arizona

Safari yangu ya kwanza Scottsdale, mji wa jangwani katika jimbo la Arizona, Marekani, nilibeba mipira 24 nikarudi Nairobi mikono mitupu. Sikucheza vibaya kuliko kawaida yangu. Kosa langu ni kucheza kama niko nyumbani, ambako mpira ukitoka fawei (njia ya nyasi fupi kuelekea shimo) unaangukia nyasi ndefu, kedi (mbeba mfuko wa fimbo) anausimamia kama mlinzi, nawe unaendelea. Kule nyasi zikiisha zimeisha. Linalofuata ni changarawe, mawe na dungusi.

Na si kwamba waliojenga viwanja walitaka kututesa. Arizona ilipitisha sheria ya maji ya ardhini mwaka 1980, na kanuni zilizofuata zikawabana wenye viwanja vipya wasipande nyasi zaidi ya ekari 90 hivi kwa mashimo 18. Ndiyo maana unapiga kutoka kisiwa kimoja cha nyasi hadi kingine.

Hatua ya 1: Chagua majira

Januari hadi Aprili hali ya hewa ni tamu na bei ni chungu, hasa wiki ya mashindano ya Phoenix Open mwezi wa Februari. Kuanzia Juni joto linapita nyuzi 40 na bei inaporomoka. Ukienda wakati huo, chukua nafasi ya alfajiri. Wengi hawaambiwi habari ya Septemba na Oktoba: nyasi za bermuda hulala msimu wa baridi, kwa hiyo viwanja vingi hufungwa wiki kadhaa ili wapande nyasi nyingine juu yake. Vikifunguliwa, kwa muda vigari hutakiwa kubaki kwenye njia yake. Kabla ya kulipia, piga simu uulize tarehe hizo. Desemba na Januari usiwe na pupa ya kuanza mapema, kwani asubuhi nyingine kuna jalidi na mtasubiri iyeyuke.

Hatua ya 2: Mfuko

Maji mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Fimbo moja ya chuma iliyozeeka, ya kupigia kwenye mawe. Na kitana. Usicheke. Kuna dungusi aitwaye cholla ambaye vipande vyake hung'ang'ania suruali ukimgusa tu. Ukikivuta kwa vidole kinahamia kwenye vidole. Unapenyeza kitana chini yake unakirusha mbali.

Hatua ya 3: Kwenye tii (mahali pa kupigia mkwaju wa kwanza wa shimo)

Hapa ndipo raundi inapookolewa. Acha dreiva (fimbo ya kupiga mbali kuliko zote) mfukoni mpaka ujibu swali moja: kisiwa kile kina upana gani pale mpira wangu utakapoangukia? Mimi sasa natumia fimbo fupi zaidi, iitwayo mti wa tatu au hata chuma cha nne, kwenye nusu ya mashimo, na alama zangu zimeshuka, na kwenye gofu kushuka ndiko kuzuri. Tena jangwa linadanganya macho. Ukisimama kwenye tii unaona vichaka tupu, fawei inaonekana uchochoro, kumbe ukifika ni pana. Amini ramani ya kwenye kigari, si hofu yako.

Sisi wa Nairobi tuna tatizo la ziada. Viwanja vyetu vya Muthaiga na Karen viko juu sana, hewa nyepesi inabeba mpira. Scottsdale iko kama mita 380 tu. Fimbo inayokupa yadi 150 nyumbani itapungukiwa yadi saba au nane, na asubuhi ya baridi zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: Mpira umeingia jangwani

Soma kadi ya alama kwanza. Viwanja vingine vimeliweka jangwa kuwa eneo la adhabu jekundu: unadondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia mpaka, adhabu mkwaju mmoja. Kama kadi iko kimya, jangwa ni sehemu ya kawaida ya uwanja. Mchanga wake si banka (shimo la mchanga lililotengenezwa kuwa kikwazo), kwa hiyo unaruhusiwa kugusisha fimbo chini na kufanya mkwaju wa majaribio, mradi huboreshi mahali mpira ulipolala. Mawe yasiyoshikamana na ardhi unaweza kuyaondoa. Mwaka 1999, shimo la 13 la uwanja wa TPC Scottsdale, mpira wa Tiger Woods ulikwama nyuma ya jiwe kubwa. Mwamuzi akasema ni kitu kisichoshikamana, watazamaji wakalisukuma kando, naye akapata bedi, yaani mkwaju mmoja pungufu ya kiwango cha shimo.

Wewe huna watazamaji. Ushauri wangu: kama huoni mpira wote na njia nyeupe mbele yake, lipa mkwaju mmoja utoke. Mkwaju wa kishujaa kutoka kwenye mawe nimeufanikisha mara mbili, na nimeujaribu mara kumi na tano hivi.

Hatua ya 5: Grini (nyasi laini zenye shimo)

Wenyeji husema mpira hukimbia mlima. Ukishindwa kusoma mteremko, tafuta mlima uko wapi, mpira utaelekea mbali nao.

Maswali ya wanachama

*Mimi nachezea Dar, nibadilishe fimbo?*
Hapana, kaka. Wewe umezoea usawa wa bahari, mchana wa joto utapata nyongeza kidogo tu. Shida ni yetu wa bara.

*Mpira ukilala chini ya dungusi, nahamisha bure?*
La, dada. Mmea wenye miiba haukupi nafuu. Unatangaza mpira hauchezeki na kulipa mkwaju mmoja. Nafuu ya bure ni kwa mnyama wa hatari: nyoka, nyuki, siafu. Na nyoka wa njuga wapo. Usiingize mkono kichakani wala kwenye shimo, tumia fimbo.

*Kuna kedi?*
Viwanja vingi hakuna, ni kigari chenye ramani. Kwa hiyo fuata mpira wako kwa macho hadi utue, maana kutafuta ni dakika tatu tu.

*Niko Muscat. Wazee hapa wanasema zamani walicheza bila nyasi kabisa. Kweli?*
Kweli. Ghuba ilikuwa na viwanja vya mchanga mtupu. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia, akifika kwenye fawei anauweka mpira juu yake na kupiga. Mahali pa grini palikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, ukapigwa ukawa laini, na kwa rangi yake wakauita "brauni". Ukimpata mzee aliyecheza hivyo, mwombe akuonyeshe kile kizulia. Wengine bado wanacho.