Mkoba wangu wa kufungulia laptopu na simu

Watu wakiniuliza waanze na vifaa gani, hutegemea niwatajie seti ya bisibisi yenye vichwa 60. Mimi huwauliza kwanza: umeshaharibu nini? Maana kila kilichomo mkobani mwangu kiliingia baada ya kuharibu kitu, na mpaka leo nachagua kifaa kwa kuangalia kinaweza kuvunja nini kikiteleza.

Bisibisi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Seti ninayo, kubwa tu, lakini vichwa vinavyochakaa ni vichache: nyota ya kawaida (Phillips) PH0 na PH00, Torx (nyota ya ncha sita) T5 na T8, na kile cha petali tano ambacho Apple hutumia kwenye vifuniko vya iPhone na MacBook. Ukiwa na Nintendo ya kufungua, ongeza ya mabawa matatu (tri-wing). Vingine vimekaa kwenye kisanduku vinang'aa kama siku nilipovinunua.

Kabla ya kuzungusha, simamisha ncha ndani ya skrubu uitingishe. Ikicheza, hiyo si saizi yake. Panda saizi moja. Kosa la wengi ni kuchukua ndogo kwa sababu "inaingia". Chagua kubwa kuliko zote inayoweza kuingia hadi chini. Kisha nguvu nyingi iende kusukuma, kidogo tu iende kuzungusha, kwa kuwa nyota ya Phillips hupenda kujisukuma nje ikizidiwa, na ikitoka mara mbili inaondoka na kona za skrubu. Kwenye vifaa vya Kijapani, hasa kamera, ukiona kitone kidogo pembeni ya msalaba, hiyo ni skrubu ya JIS, yaani ya kiwango cha Kijapani. Inafanana na nyota ya kawaida lakini ncha ya Phillips haikai vizuri ndani yake. Tafuta ncha ya JIS, usibishane nayo.

Skrubu ikishaliwa, weka kipande cha raba pana kati ya ncha na skrubu, ukandamize, uzungushe polepole. Ikikataa, gusa kichwa chake kwa pasi ya kulehemu ya moto kwa sekunde chache. Skrubu nyingi za laptopu zina gundi ya buluu kwenye nyuzi zake, na joto huilegeza. Baada ya hapo huwa nasikia kile kimlio kidogo cha "tik", na raha yake sijui niifananishe na nini.

Wakati wa kurudisha, zungusha kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka uhisi skrubu imedondoka kidogo kwenye njia yake ya zamani. Ndipo ukaze. Kwenye plastiki hili ni la lazima, la sivyo unachimba njia mpya juu ya ile ya zamani na tundu linabaki limelegea.

Na ramani. Karatasi tupu, chora umbo la mashine, bandika kila skrubu kwa utepe pale ilipotoka. Zamani niliona ni kazi ya wanafunzi. Kisha nikarudishia skrubu ndefu kwenye tundu la fupi ndani ya simu ya mteja. Tofauti ya urefu haikufika milimita moja. Ilikaza vizuri kabisa, na chini yake ikakata njia za umeme kwenye bodi. Simu haikuwaka tena, nami nililipa. Tangu siku hiyo nachora hata kama mashine ina skrubu nne.

Kwa kufungulia vifuniko, weka kisu mbali. Ninatumia vipande vya plastiki vya kupigia gitaa, vitatu au vinne, na kijiti cha nailoni chenye ncha bapa upande mmoja. Ingiza kimoja kwenye ufa, kiache hapo kishikilie, endelea na cha pili. Ukitoa cha kwanza ili kwenda mbele, kifuniko kinajifunga nyuma yako. Kijiti cha nailoni kinaliwa na kukwaruzika, na ndiyo kazi yake: afadhali kiliwe chenyewe kuliko ukingo wa kioo. Zaidi ya hapo, nailoni haipitishi umeme. Chuma kikiteleza kwenye betri ya lithiamu kinaweza kuitoboa, na betri iliyotobolewa inaweza kuwaka moto. Betri ikiwa imegundishwa, mimi huipitishia uzi wa kusafishia meno chini yake kama msumeno. Ikiwa imevimba, siikunji wala siibinyi hata kidogo.

Kijiti hichohicho ndicho cha kuchomolea kiunganishi cha betri, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza baada ya kifuniko kutoka. Kabla ya kugusa kitu kingine. Kebo bapa nazo usizivute. Angalia soketi yake: nyingi zina kibawa chembamba unachokiinua kwa ukucha, nyingine zina kitelezi cha kusogeza nje. Vikifunguliwa, kebo hutoka bila nguvu. Ukijikuta unatumia nguvu, hujafungua.

Kibano ninacho cha aina mbili, kilichonyooka na kilichopinda, vyote vya chuma kisichovutwa na sumaku. Kukipima ni rahisi: shika nacho unywele mmoja, uvute. Ukiteleza, ncha hazikutani. Kibano kikianguka kwa ncha, mara nyingi kimekwisha, ndiyo maana changu siazimishi mtu.

Mita ya kupimia umeme si lazima iwe ya gharama. Ninazotumia kila siku ni sehemu mbili tu, mlio na volti za DC. Mlio ni wa kupima fyuzi na waya: fyuzi nzima inalia, iliyokatika iko kimya. Pima mashine ikiwa imeshatolewa kwenye umeme. Kwa volti, anza nje ya mashine. Chaja nyingi za laptopu za kizamani hutoa 19 au 19.5, na nimeshaletewa laptopu "iliyokufa" ambayo chaja yake ilikuwa inatoa 4. Laptopu haikuwa na kosa. Kompyuta inayosahau saa kila ikizimwa, pima ile betri ya kitufe, CR2032. Mpya ina 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.8 mimi naibadilisha. Waya mwekundu usiuache kwenye tundu la ampea kisha ukapima volti. Hapo umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe. Nimefungia sindano za kushonea kwenye ncha za waya za mita, maana ncha za kiwandani ni nene mno kwa bodi za siku hizi.

Pasi ya kulehemu: wanaoanza hununua ncha nyembamba kama sindano kwa sababu vitu ni vidogo. Mimi naiona ndiyo mbaya kuliko zote. Haina mwili wa kubeba joto, kwa hiyo unaishikilia muda mrefu mpaka unababua bodi. Ncha bapa ya milimita 2 hivi hugusa, huyeyusha, huondoka. Risasi ya kulehemu ya 63/37 (bati 63, plumbamu 37 kwa mia) huyeyuka nyuzi 183 za Selsiasi, lakini ile isiyo na plumbamu iliyomo kwenye mashine nyingi mpya inataka karibu 217. Ndiyo maana soketi ya chaja haing'oki hata ukibembeleza. Paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi itiririke na kushika), ongeza risasi yako juu ya ile ya kiwandani zichanganyike, ndipo uitoe. Ukimaliza, osha mikono.

Mswaki wa mtoto na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 husafisha mabaki ya flaksi. Usitumie ile yenye maji mengi.

Kile kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani sikifungui kwa mazoea. Kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani, na hapo hakuna kifaa cha plastiki kitakachokuokoa ukiwa na haraka.

Kabla ya kufunga kabisa, rudisha betri, kaza skrubu mbili tu za kona, washa. Jaribu kinanda, sauti, kamera, chaji. Vikikubali vyote, maliza zilizobaki ukifuata karatasi. Karatasi ikibaki na skrubu moja juu yake, mimi nafungua tena, hata kama mteja amesimama mlangoni. Mara nyingi ni ile fupi iliyoshikilia kiunganishi cha kioo.