Kulala Msituni na Mtoto kwa Baiskeli: Malindi hadi Arabuko-Sokoke

Ukija likizo Malindi na mtoto aliyezoea njia za baiskeli za Uholanzi au Ujerumani, usiipime safari kwa kilomita za huko. Kutoka mjini hadi Gede ni kama kilomita 15 tu, lakini hiyo ni barabara kuu ya Mombasa: malori, matatu, na bodaboda zinazopita ukingoni palepale ambapo mtoto angeendesha. Kipande hicho msikiendeshe. Kodi pikapu, pakieni baiskeli alfajiri, mwanzie kituo cha msitu cha Gede.

Siku moja kabla, piga simu au nenda kituoni uulize mambo matatu: nafasi ya kambi, ada, na njia zipi zinaruhusiwa baiskeli. Msitu wa Arabuko-Sokoke una ndovu. Kwa hiyo msiingie bila mwongozaji, wala msipige hema popote isipokuwa mahali mlipoonyeshwa.

Mtoto wa miaka 7 hadi 9 mwenye baiskeli ya inchi 20 mpangie kilomita 10 kwa siku, si zaidi. Mchanga ndio unaomchosha. Mwekundu hushikamana kiasi, ila ule mweupe wa sehemu ya miti ya mrihi humeza tairi nyembamba. Mkifika hapo punguza upepo mpaka kidole gumba kibonyeze tairi kidogo. Mkirudi penye ardhi ngumu jazeni tena, maana tairi laini likigonga jiwe la matumbawe, tyubu hubanwa na rimu na kutoboka mara mbili, matundu yakikaa sambamba.

Pancha ndiyo itakayowasumbua zaidi, kwa sababu ya miiba. Mafundi wa baiskeli ni wengi na wanaijua kazi yao, lakini pampu zao nyingi ni za valvu ya kizamani ya baiskeli kubwa nyeusi. Valvu ya baiskeli ya ughaibuni huenda isishikane nazo, kwa hiyo njoo na adapta yako, pampu ndogo, na tyubu 2 za kila saizi. Tyubu ya inchi 26 utaipata mjini. Saizi za ajabu usizitegemee. Ukiziba, kwaruza tyubu, paka solushoni, subiri dakika 5 ikauke ndipo ubandike kiraka. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kikabanduka baada ya kilomita moja.

Mzigo wote ubebe wewe, chini na nyuma, kwenye keria. Mtoto abebe chupa yake tu. Kamba bora ya kufungia ni mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa vipande virefu: haulegei kama kamba ya katani, na fundi yeyote atakuuzia.

Anzeni saa kumi na mbili na robo, mara kunapopambazuka, na saa nne muwe mmeshafika kivulini. Hapo pumzikeni mpaka saa kumi. Mchana ndio wakati wa kutembelea magofu ya Gede, yaliyo karibu na yenye miti mikubwa ya kivuli. Tangu 2024 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Desemba na Januari, msimu wa kaskazi, joto ni kali. Agosti wakati wa kusi kuna nafuu, ingawa mvua za ghafla hutokea.

Maji: beba lita 5 kwa watu wawili kwa asubuhi hiyo, na mtoto anywe mafunda machache kila dakika 15 bila kungoja aseme ana kiu. Akianza kuharisha au kutapika, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo. Asipopata nafuu, mpelekeni hospitali.

Malaria msiichukulie kirahisi. Mtoto aliyekulia nje hana kinga ya mwili ya kuzoea, hata kama babu na bibi wanaishi Malindi. Mwoneni daktari wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu dawa za kuzuia. Jioni mvalishe mikono mirefu na soksi, na zipu ya hema ifungwe kabla ya magharibi, si baada ya mbu kuingia.

Hema lisikae chini ya mnazi wala mbele ya njia ya siafu. Tembea eneo zima kabla ya kutandika. Chakula rahisi ni mahamri, mayai ya kuchemsha na muhogo. Kitundike juu usiku. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Mitungi midogo ya gesi ya kambi hairuhusiwi ndegeni kabisa, kwa hiyo nunua jiko dogo la mafuta ya taa mjini.

Mfundishe mtoto kusema "shikamoo" kwa kila mtu mzima mtakayekutana naye, na "hodi" kabla ya kuingia uani kwa mtu kuomba maji.

Mkirudi, osha baiskeli kwa maji baridi, kausha mnyororo na utie mafuta siku hiyohiyo, maana hewa ya pwani huleta kutu upesi. Kama mnarudi Australia au New Zealand, sugua udongo wote kwenye tairi, viatu na vigingi vya hema, kwa kuwa maafisa wa uwanja wa ndege hukagua na huzuia vifaa vyenye udongo.