Hypo, Hyper, na Chai Niliyomnyima Mama

Kabla ya mengine yote, shika hili. Neno la daktari likianza na "hypo", kitu kimeshuka au kimepungua. Likianza na "hyper", kimezidi. Na Waingereza hawatamki ile r ya mwisho, kwa hiyo kwenye simu unabaki na "haipo" na "haipa", na sikio lililosomea Kaptembwo, Nakuru, halioni tofauti. Langu halikuiona.

Mama alikuja kwetu Leeds, Uingereza, mwezi wa pili kumwona mjukuu. Ana sukari miaka mingi, kliniki yake ni Pijii, hospitali kuu ya Nakuru, na vidonge vyake vya glibenklamaidi, vya kushusha sukari, alivibeba amevifunga kwenye pindo la leso. Siku ya pili akameza kimoja asubuhi kama alivyozoea, halafu akakataa kula. Sandwichi baridi, alisema, si chakula cha mtu aliyezaa. Kufika saa tano kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa jasho, na nje theluji inaanguka. Mikono inatetemeka. Akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Mke wangu alikuwa amemtengenezea chai, akaishika kwa mikono miwili, akasema iongezwe sukari.

Nikapiga simu ya ushauri. Kijana mpole sana akauliza maswali yake, akasema inaelekea mama ana "haipo". Nikasikia "haipa". Akauliza kama ninajua la kufanya. Nikasema ndiyo, ndiyo, naelewa.

Mtego ni hiyo ndiyo yangu. Sisi tumelelewa kumwitikia daktari. Foleni iko nyuma yako, ukiuliza mara mbili unaitwa mjuaji. Huku ndiyo yako ni kama sahihi: ukishaitoa, wameandika kwamba umeelewa na mazungumzo yamekwisha. Watakuuliza hata kama una furaha na maelezo, na mtu anajibu ana furaha, mama yake anaelekea kuzimia. Usiseme ndiyo kama hujaelewa. Nitalirudia hili mpaka unichoke.

Nikamnyang'anya mama kikombe, nikamwaga chai kwenye sinki.

Kisha nikaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp kwamba sukari ya mama imepanda. Shangazi wa Free Area akajibu kwa sauti kabla sijaweka simu chini: "Asionje sukari kabisa! Mchemshie mwarobaini." Mwarobaini, Leeds. Binamu mwingine akaleta habari za maji ya bamia. Shangazi, nakupenda, na najua utasomewa haya: mgonjwa wa sukari akitetemeka na kutoka jasho, kwanza apimwe. Kipimo cha mama kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kilo nne za unga wa wimbi, na hakuna aliyekikumbuka, mimi wa kwanza.

Mke wangu hakungoja kikao cha familia. Alipiga 999, namba ya dharura. Wahudumu wa ambulensi wakamdunga mama kidole: 2.4. Kwa anayetumia dawa kama zile, chini ya 4 tayari imeshuka, na inataka sukari hapo hapo. Wakampa jeli ya glukosi taratibu, na baada ya robo saa akaketi, akarekebisha kitambaa, akauliza nani amechukua chai yake.

Barua aliyopewa alipotoka kwa dharura ilisema "hypoglycaemia". Nikakaa nayo jikoni usiku huo, na kwa kweli niliona haya, kwa sababu hakuna anayepaswa kuchambua neno refu kirahisi kuliko Mswahili. Mtoto wa darasa la nne anakuvunjia "hatutampikia" bila jasho: ha inakana, tu ni sisi, ta ni baadaye, m ni yeye, pik ndio mzizi. Haya ya Kigiriki yameungwa vivyo hivyo. "Hypo" ni chini, "glyc" ni sukari, "aemia" ni kwenye damu. Marekani wanaandika "emia", ni ile ile. Sasa badilisha kile cha mbele peke yake, weka "hyper", na tiba inageuka kichwa chini miguu juu.

Mimi nimejiwekea hivi: hypo, haipo. Sukari haipo. Mwalimu atasema ipo, ni kidogo tu, lakini saa ya kutetemeka hatuhitaji mwalimu. Hyper, nasikia "pa" ya kupaa: imepaa. Utaiona njia hiyo hiyo kwenye "hypothermia", joto la mwili limeshuka, na kwenye "hypothyroidism", tezi ya shingoni imelegea. "Hypertension" ni presha yetu ya siku zote. Ila kwetu ukisema fulani ana presha, kila mtu anajua ni ya juu. Huku sema ya juu au ya chini, na utaje namba.

Vipande vingine utavizoea: "ectomy" kukata na kuondoa, "ostomy" kutoboa tundu, "nephr" figo, "hepat" ini. Ogopa "oma" tu. Sisi wenye ndugu upande wa Kisumu tumeona limfoma ya Burkitt ikivimbisha taya za watoto, basi kila "oma" tunasikia kansa. "Lipoma" ni fundo la mafuta. "Haematoma" ni damu iliyovilia. Uliza kwanza, mchango wa familia utafuata kama unahitajika.

Unauliza vipi? "Ni juu au ni chini?" Halafu waambie waliandike neno lote, maana hawa watu wana ugonjwa wa kupunguza: neno wanalikata nusu, na mgonjwa mahututi watakwambia hajisikii vizuri sana. Ni adabu yao, siwalaumu, lakini adabu hiyo itabidi uitafsiri mwenyewe. Mkalimani wa Kiswahili unaweza kuomba, na hulipi. Bima ya safari mkatie mzee kabla hajapanda ndege. Kuonwa kwa dharura ni bure, lakini mgeni akilazwa Uingereza anaweza kutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya hospitali za serikali.

Na sukari ikishuka, mgonjwa akiwa macho na anaweza kumeza, mpe nusu glasi hadi glasi ndogo ya juisi au soda yenye sukari, si ile ya dayati. Pima tena baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, piga simu ya dharura.

Mama alirudi London mwezi wa nne, London ile ya Nakuru. Kwenye jalada la nyuma la kitabu chake cha kliniki ameandika kwa biki, herufi kubwa: HAIPO = CHAI YA SUKARI. Shangazi bado ananitumia picha za mwarobaini.