Picha ya sinema ikiwa giza ukumbini, fanya hivi

Watu wengi picha ikiwa na giza wanadhani muvi ndo imetengenezwa hivyo, wanavumilia mpaka mwisho. Usivumilie, umelipa hela yako. Kiwango cha picha ya 2D (ya kawaida, isiyo ya miwani) ni kandela 48, yaani kipimo cha mwangaza, kwa mita ya mraba katikati ya skrini, ila huna haja ya kipimo, tafuta kitu cheupe kwenye picha, shati au mawingu ya mchana, kama yanaonekana ya kijivu kama nguo iliyofuliwa na maji machafu basi kuna tatizo.

Kwanza hamia siti za katikati, manake skrini za rangi ya fedha zinazotumika kwa 3D ukikaa pembeni zinafifia. Bado giza? Geuka nyuma utazame kile kidirisha cha projekta. Ukiona miale miwili, mmoja juu mwingine chini, na wewe umekuja kuangalia 2D, lenzi ya 3D imeachwa pale pale na inakula mwanga vibaya mno. Hiyo ni kwa projekta za Sony za 4K, mwaka 2011 gazeti la Boston Globe kule Marekani liliwaandika wenye kumbi kwa hili hili, lenzi walikuwa hawaitoi kwasababu kuibadilisha ni kazi.

Mwale ukiwa mmoja, na projekta ni ya taa ya zenoni (balbu kubwa yenye gesi ndani), mara nyingi ni taa hiyo imezeeka, kioo chake kinakuwa cheusi kwa ndani na mwanga unapungua taratibu mpaka wafanyakazi wenyewe wanazoea, alafu taa ni ghali kwahiyo inasukumwa ipitilize masaa yake. Kama upande mmoja unang'aa kuliko mwingine, taa haijakaa sawa.

Nenda kwa meneja mapema, wakati wa matangazo, sio muvi imeisha ndo udai hela. Na usiseme tu "picha mbaya", mwambie lenzi ya 3D haijatolewa, au mwombe waangalie taa, utaona anavyokusikiliza tofauti.

Na kama wewe ndo unafanya kazi kule juu kwenye chumba cha projekta, anza na kioo cha kidirisha, kifute pande zote mbili, vumbi na mafuta ya bisi yanaganda pale bila mtu kujua, kisha safisha filta za hewa. Taa ya zenoni usiiguse hivi hivi, hata ikiwa imepoa ina presha kubwa ndani na inaweza kupasuka, mwachie fundi mwenye glavu na kinga ya uso.