Somo: Kujua maji ya tanki bila kupanda mnara (waya wa mita 30)

Huku kwetu maji ya mgawo hufunguliwa usiku wa manane. Tanki la lita 2,000 liko mnarani nyuma ya nyumba, swichi ya pampu iko jikoni. Michoro mingi ya kipima maji inafanya kazi vizuri kwenye glasi mezani. Refusha waya uone taa zinavyopata wazimu. Changu cha kwanza nilikifunga sambamba na waya wa pampu. Nikiwasha pampu, taa zote nne zinawaka kwa mbali, na tanki kavu.

Wengi hudhani umeme unapotea njiani. Hapana. Waya huo kwenda na kurudi una omu 5 hivi, ilhali maji ya bomba kati ya boliti mbili yana maelfu ya omu. Tatizo ni besi ya transista (mguu unaopokea mkondo mdogo kupitia maji na kuiwasha taa): inanasa hata mvumo wa hezi 50 wa umeme wa nyumba, na waya mrefu ni antena.

Kwa kila kiwango (robo, nusu, robo tatu, kujaa): transista BC547 moja, rezista za 10K, 100K na 1K (K ni kilo-omu), kapasita ya maikrofaradi 10, LED (taa ndogo) moja. Halafu betri ya volti 9, swichi ya kubonyeza, waya wa intaneti wa jozi nne, boliti 5 za stenlesi na bomba la plastiki la nusu inchi.

1. Toboa bomba kwa vipimo, funga boliti. Ya tano, ya pamoja, iwe chini kabisa. Kaza waya kwa nati, usilehemu. Risasi kwenye maji ya kunywa siitaki. Fukia shaba yote kwa silikoni, kichwa cha boliti tu kibaki wazi. Bomba likae mbali na maji yanapoingilia.

2. Waya za rangi nzima ziende kwenye viwango. Nyeupe ya jozi ya robo iende boliti ya pamoja, na huku jikoni iungwe chanya ya betri. Nyeupe tatu zilizobaki ziunge hasi ya betri kwenye kiboksi cha taa, upande wa tanki zikate na kuziziba. Zinakinga mvumo, na unyevu ukiingia kwenye waya, umeme unavujia hasi badala ya kukudanganya.

3. Ubapa wa BC547 ukikutazama, miguu kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Waya wa tanki upite 10K hadi besi. Kati ya besi na hasi weka 100K na kapasita (mguu wenye mstari uende hasi). Emita hasi. Kutoka chanya: 1K, LED, kolekta. Ile 100K na kapasita ndizo michoro mingi inazikosa, na ndizo dawa.

4. Swichi ikae kwenye chanya ya betri. Bonyeza, soma, achia.

Maswali

*Mkuu, kwa nini nisiiache imewaka muda wote?*
Umeme wa betri ukipita majini mfululizo unakula boliti ya chanya. Mimi nilianza na shaba tupu. Baada ya wiki chache ilikuwa kijani kibichi na inamomonyoka.

*Fundi, nataka ipige kelele tanki likijaa, nitabonyezaje nikiwa nimelala?*
Hamisha swichi: ikate hasi ya viwango vitatu vya chini pekee. Cha juu kibaki na umeme, uunge kengele ndogo ya volti 9 badala ya 1K na LED. Boliti zitapitisha umeme maji yakifika juu tu.

*Kaka, taa ya kujaa haizimi mvua ikinyesha.*
Kiungo chako kina unyevu. Kausha, paka silikoni upya. Ikigoma, badilisha 100K uweke 22K: uvujaji wa zaidi ya kilo-omu 300 hivi hautaiwasha tena.

*Naweza kutumia umeme wa ukutani?*
Kwa adapta nzima ya volti 9, sawa. Zile saketi za kushusha umeme kwa kapasita bila transfoma, usithubutu. Kuna mtu ataoga maji hayo.